Tulinyamaza kukataa, wao wakahesabu tumekubali: jinsi kikundi chetu cha Same kilivyokufa programu mbili zilipoungana

Wakuu, salaam zenu popote mlipo. Wakubwa zangu shikamooni, rika langu mambo vipi.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Miaka yote nasoma visa vyenu, nacheka, napita zangu. Leo naleta changu na sitatia chumvi. Mtu akitunga kisa chake hujitunga vizuri, na humu ndani mimi sijatoka vizuri hata kidogo.

Majina nimebadilisha. Mahali sijabadilisha, ni Same na milima yetu ya Upare. Watani zangu Wachaga naomba mvute subira, utani tutamalizana kwenye comments.

Nianze mwanzo.

Nilikuwa karani kwenye shamba la mkonge huku tambarare. Ni ile miaka ya mageuzi, mashirika yanauzwa, kila wiki unasikia sehemu fulani wamepunguzwa. Shamba letu likapata mwenyewe mpya, na sisi wa ofisini tukaanza kuitwa mmoja mmoja kupewa barua.

Pale shambani kulikuwa na watu wa kila kona ya nchi, Kigoma, Songea, Singida, na wengine walikuwa wamekaa mpaka wamesahau njia ya kurudi kwao. Mimi kwetu palikuwa karibu. Tena nilijua kompyuta, maana ofisi ilikuwa nayo moja na mimi ndiye niliyeruhusiwa kuigusa.

Nikafungua kibanda cha kuchapa karibu na stendi ya Same. Barua, mitihani ya shule, kadi za harusi. Vumbi la Same mnalijua, kila asubuhi naanza kwa kupangusa keyboard.

Niseme ukweli, kilichoniuma zaidi hakikuwa mshahara. Kiliniuma kuacha kuitwa karani. Aliyewahi kupunguzwa kazini atanielewa. Unapita mtaani na watu wanakusalimia kwa ile sauti ya kwenye msiba.

Basi siku moja akaingia kibandani jamaa mmoja, nitamwita Fidelis. Alikuwa amemaliza chuo kikuu, kwao Kanda ya Ziwa, amekuja wilayani kwetu kwenye utafiti wa afya. Alikuwa ametengeneza programu ndogo ya kompyuta akaiita Kadi. Ilikuwa software huria, yaani mtu yeyote anaitumia bure na akiweza anaibadilisha.

Kazi yake ilikuwa moja. Unaingiza watoto wote wenye kadi za kliniki, halafu kila mwezi inakutolea orodha ya waliokosa chanjo au kupimwa uzito, ili mtu awafuate nyumbani.

Kompyuta ya kuiendesha ilikuwa yangu pale kibandani, na nyingine moja kuukuu Gonja, kule juu milimani. Lakini programu bila watu haifiki mlimani. Fidelis akaomba wa kujitolea. Tukajitokeza tisa, wa kutafsiri maneno ya kwenye skrini, kufundisha manesi, kupeleka orodha vijijini, na kumwandikia yeye kwa email kila kitu kikigoma. Kwenye mikoa mingine miwili nako kulikuwa na vikundi kama chetu.

Mimi wakanipa uratibu.

Wakuu, msinicheke. Nilichapa neno MRATIBU kwa herufi kubwa nikalibandika mlangoni. Mke wangu alilitazama, akaingia ndani.

Sasa niwatambulishe kwa mtu ambaye uzi huu ni wake.

Mama Naelijwa alikuwa mkunga mstaafu wa Gonja. Umri ulikuwa umeshapita sitini, mwembamba, raba za bluu, mwavuli mkononi jua liwake lisiwake. Vitongoji vya juu alivijua vyote kwa sababu nusu ya watu wa huko aliwapokea yeye mwenyewe wakizaliwa.

Orodha ya kwanza tulimpa ikiwa imepangwa kwa alfabeti. Akaenda nayo, akarudi baada ya siku mbili, akaiweka mezani kwangu.

"Mwanangu, hii orodha imepangwa na mtu aliyekaa kwenye kiti."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Wa kwanza hapa anakaa juu kabisa, msituni. Wa pili yuko chini mtoni. Wa tatu ni jirani wa yule wa kwanza. Mnanipandisha mlima mara ngapi ninyi?"

Akatueleza yeye anavyotembea. Asubuhi ukiwa na nguvu unapanda moja kwa moja mpaka nyumba ya juu kabisa, halafu unashuka nyumba kwa nyumba, na mchana unatokea barabarani. Mlima unaupanda mara moja tu.

Fidelis alikaa kibandani kwangu siku tatu akaongeza kitu alichokiita njia. Kila kaya ikapewa namba kufuatana na jinsi unavyoikuta ukishuka. Mama Naelijwa alikaa pembeni anataja nyumba moja baada ya nyingine kutoka kichwani mwake, na mimi nachapa. Alikuwa anafumba macho anapotaja.

Watu wa Bombo na Chome, vijiji vingine vya mlimani, walipoona orodha ile wakataka na yao. Hapo ndipo kikundi kilipopata uhai. Kila baada ya miezi michache tulikutana Gonja kurekebisha njia, maana nyumba huhama, daraja la miti huondoka na mvua. Tuliita msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kwetu, ila badala ya majembe tunakuja na madaftari. Makande yanapikwa sufuria kubwa, watu wanabishana kama kwa fulani kunatangulia kwa fulani. Ndugu zangu mnatujua kwa ubishi. Nyumba moja inaweza kuchukua saa nzima.

Nilikuwa na furaha miaka ile. Nataka hilo lijulikane.

Sasa tuje kwenye muungano.

Fidelis alituandikia kwamba kuna programu nyingine kubwa, ya nje, inayofanya kazi kama ya Kadi na mengine mengi, ina wafadhili na wataalamu. Wamekubaliana miradi iungane iwe mmoja. Yeye atakwenda kufanya kazi huko. Aliandika kwa furaha na sikumlaumu, alikuwa amejitolea muda mrefu kuliko sisi sote.

Baada ya hapo ikaja barua rasmi kwa email, ya Kiingereza, kutoka kwa kamati ya muungano. Nikaiprint, nikaitisha kikao Gonja, nikawatafsiria.

Ilisema orodha na skrini zote zitafuata programu kubwa. Ilisema waratibu wa kujitolea uongozi wao unakoma, ila kila kikundi kitoe mtu mmoja wa kwenda Arusha kwenye mafunzo na kuwa mjumbe. Mwenye maoni aandike. Na mwisho kabisa, karibu na salamu, ulikuwepo mstari kwamba wasiojibu ndani ya mwezi mmoja watahesabiwa wamekubali.

Huo mstari niliusoma. Niliusoma haraka, lakini niliusoma.

Halafu akasema Mzee Eliamani. Huyu alikuwa mwenzetu wa Chome, na kwao ndiye alikuwa msimamizi wa ndiva, lile bwawa la mfereji linalojaa usiku, asubuhi maji yanafunguliwa na kila shamba linapata kwa zamu. Mtu wa kuamua mambo ya maji huku kwetu si mtu wa kuropoka, alishazoea kusuluhisha watu wenye majembe mkononi.

"Hatutaki," alisema. "Njia za Mama Naelijwa zikifa, kazi imekufa. Lakini hawa watu wametuandikia kwa heshima. Hatuwezi kuwaambia hapana usoni. Tunyamaze."

Wote wakaitikia. Na mtu wa nje asidhani ulikuwa woga au ujinga. Kwenye kikao chao cha mfereji kule Chome ndivyo walivyofanya siku zote. Mtu wa heshima akileta ombi lisilokubalika, mathalani mfereji upindishwe upite kwake, hakuna anayemtahayarisha. Wanamkaribisha, wanamsikiliza, wanamshukuru, halafu hakuna anayemrudia. Wiki mbili zikipita anaelewa, na mkikutana mnadani mnasalimiana vizuri, hakuna aliyevunjiwa uso. Kimya kilikuwa ndilo jibu, na kila mtu alikijua.

Mimi nilijua kitu kingine. Nilikuwa nasoma mailing list za wenzetu, zile barua pepe za kikundi kizima, nilikuwa nimeshaona jinsi watu wa software wanavyofanya kazi. Wao ukinyamaza wanapita. Si kwa ubaya, ndivyo walivyozoea, wasingeweza kumngoja kila mtu duniani.

Nikafungua mdomo nikasema, "Lakini Mzee, ule mstari wa mwisho..."

Mzee Eliamani akacheka. "Mratibu, wewe unaitaka Arusha nini?"

Watu wakacheka. Mama Naelijwa naye akacheka, bila ubaya wowote. Na mimi nikacheka.

Nikanyamaza.

Kwa sababu ni kweli wakuu. Nilikuwa naitaka Arusha. Nilipoisoma ile barua peke yangu kibandani, mstari wa mjumbe niliurudia mara nyingi kuliko mingine yote. Nilishajiona nimevaa kile kitambulisho cha shingoni. Nikaona nikisisitiza tujibu, watajua kweli natafuta cheo, na mimi hofu ya kuonekana hivyo ilinizidi. Ningeweza kusema maneno manne tu: kwao kimya ni ndiyo. Sikuyasema.

Mwezi ukapita.

Kabla sijaendelea, kuna mkuu hapo chini kauliza kwa nini tusingebaki na programu yetu ya zamani wakati ilikuwa huria. Swali zuri. Tulijaribu. Lakini mashine ya Gonja ilikufa, na mashine mpya ilikuja na programu mpya ndani yake. Kadi za watoto nazo zilibadilishwa zikafuata mpangilio mpya. Kuibadilisha Kadi iendane nazo kulihitaji mtu wa kuandika code, na huyo alikuwa mmoja tu, naye ameshaondoka. Huria bila fundi haitusaidii sisi wa kuchapa kadi za harusi.

Tuendelee.

Orodha ya kwanza ya programu mpya niliprint mwenyewe. Ilikuwa safi, ina mistari mizuri, ina nembo. Majina yamepangwa kwa namba ya usajili. Safu ya njia haikuwepo. Nikaikunja nikaipeleka kwa kondakta wa basi la Gonja kama kawaida. Kwenye bahasha sikuandika neno lolote la maelezo.

Wiki ya pili yake Mama Naelijwa akashuka kwenye basi pale stendi. Alikuwa anachechemea.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mashine yako imeugua?"

Akanitolea ile orodha. Alikuwa ameitembea yote, kama ilivyoandikwa, kwa kuamini kwamba kama imebadilishwa basi ipo sababu. Juu, chini, juu, chini, kwa siku nne. Nilitaka ardhi inimeze.

Nikamwambia muungano umeshafanyika.

"Lakini sisi tulikataa."

"Mama, hatukujibu. Kwao asiyejibu amekubali."

Alinitazama kwa muda. Alikuwa mkunga, alikuwa ametazama watu wengi waliokuwa wanamficha kitu.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa natamani anitukane. Alichofanya ni kuomba karatasi na kalamu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaandika barua kwa mwandiko ule wa manesi wa zamani, taratibu, anafuta anaandika. Nilimhudumia mteja mmoja, wa pili, wa tatu, bado anaandika. Akanipa, akasema, "Iweke Kiingereza uwapelekee. Waambie nimechelewa, wanisamehe."

Niliitafsiri siku ile ile nikaenda kwenye internet café, ile ya kungojea ukurasa ufunguke mpaka unapiga miayo. Nikaituma.

Ikarudi. Anwani ya kamati ilikuwa imefungwa, kazi yao ilikuwa imeisha. Nikamtumia Fidelis kwenye anwani yake ya zamani, nayo ikarudi. Mailing list yetu ilikuwa imeondolewa kwenye seva, na barua zetu zote za miaka ile hazipo. Mahali pake palikuwa na tovuti ya kujisajili. Nikajisajili. Ikasema ombi langu linasubiri kuidhinishwa. Nilirudi mara mbili, bado linasubiri. Mara ya tatu sikwenda.

Mama Naelijwa alipokuja tena Same, alinikuta stendi, basi lake limeshawashwa. Akaniuliza kupitia dirishani, "Imefika?"

Nikasema, "Imefika Mama."

Sijui kwa nini. Basi lilikuwa linaondoka, abiria wanatusikiliza, na yeye alikuwa na uso wa matumaini. Nimejitetea hivyo miaka yote na utetezi wenyewe hauniingii akilini.

Baada ya hapo kila akija mjini alipita. "Wamejibu?" Bado Mama. "Wamejibu?" Bado. Wakati huo alikuwa anazipanga orodha upya kwa mkono mezani kwake, mwezi hata mwezi, na magoti yanazidi kuvimba.

Siku moja akaingia, akakaa, akaniambia kwa upole kabisa:

"Usiwasumbue tena. Wameisoma, wamenyamaza. Nimeelewa. Ni watu wenye heshima, hawakutaka kuniambia hapana."

Sikusema kitu, wakuu. Nilikuwa na nafasi nyingine ya kusema na sikusema.

Aliacha kutembelea watoto mwaka ule. Mzee Eliamani alirudi kwenye maji yake, na mpaka mwisho wa uhai wake tulikuwa tunasalimiana tu. Wengine walitoweka mmoja mmoja, hakuna aliyeaga rasmi. Nafasi ya Arusha hakwenda mtu. Lile neno mlangoni nililibandua nikabandika PASSPORT SIZE HAPA.

Ile programu kubwa nayo haikukaa. Ufadhili ulipoisha iliondoka na watu wake. Mtaniuliza kuna watoto wa vitongoji vya juu waliokosa chanjo kwa sababu yetu? Sijui. Waliokuwa wanahesabu tulikuwa ni sisi, na sisi tulishaacha. Hilo swali ndilo linalonikosesha raha zaidi ya yote niliyoandika.

Kwa nini naandika leo?

Juzi juzi nilikwenda msibani Gonja. Mama Naelijwa yupo, mzee sana sasa, haoni vizuri, anatembea kwa kushikwa. Nikamwamkia, akanitambua kwa sauti. Akamshika mkono mjukuu wake aliyekuwa karibu, akamwambia mbele za watu: "Huyu ndiye aliyenifikishia barua yangu kule Ulaya."

Na watu wakanitazama kwa heshima.

Nilirudi Same nikiwa kama nimekunywa shubiri. Ile karatasi yake ninayo. Sikuwahi kuitupa.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia sana. Ukiwa kati ya watu wa aina mbili, wewe peke yako ukielewa desturi za wote wawili, basi kazi yako ni kusema, hata wakikucheka, hata kama kweli cheo unakitaka. Cheo ungekikosa au ungekipata, lakini neno lingekuwa limesemwa. Na nyie mnaoongoza hivi vikundi vya kujitolea, sasa hivi viko vingi, mkiunganishwa na wenzenu wakubwa kuliko ninyi, msijivunie amani ya kikao kisichouliza swali.

Bado sijaamua kama nimwambie ukweli. Mke wangu anasema nimwache mzee wa watu afe na amani yake. Mimi nahisi amani yenyewe ni yangu, si yake. Mnaweza kuniponda, nimeshajiandaa.

Ila kabla ya kuniponda naomba kitu kimoja. Barua yake naiweka hapa chini kama alivyoiandika, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kuisoma zaidi yangu. Comment zenu msiniandikie mimi kwanza. Mjibuni yeye. Nitazipeleka Gonja, nitaketi karibu yake nimsomee, na nadhani siku hiyo itabidi nimweleze majibu yametoka wapi.

*Kwenu wakubwa wa programu,*

*Salaam nyingi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Jina langu ni Naelijwa, mkunga mstaafu, ninatembelea watoto wa milimani.*

*Samahani kwa kuchelewa kuandika. Sina ugomvi na muungano wenu. Ninaomba jambo moja tu, watoto wapangwe kwa njia ya kutembea kama zamani, kuanzia nyumba ya juu. Mkihitaji kujua nyumba zilivyofuatana nitawatajia zote, ninazikumbuka. Miguu yangu bado ipo lakini haiwezi kupanda mara mbili.*

*Nimeambiwa kwenu mtu akinyamaza amekubali. Kwetu sivyo, na ndiyo sababu tumepotezana. Kwa hiyo nawaomba mnijibu kwa maneno, hata kama ni hapana.*